Ukungu Mdogo Mgongoni mwa Kiboko

Wakulima wa Bujonde, wilayani Kyela, humwita Andongwisye kwa jina moja tu, Wembe, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi. Ndiye mkaguzi wa kakao kwenye ghala la chama chao cha ushirika. Siku ya kupokea mzigo huketi mlangoni, nyuma ya meza yenye ubao wa vishimo na taa kali, na kila gunia likifika hutumbukiza mkono mpaka kwapani, akaibuka na punje za chini kabisa, zile ambazo mwenye gunia alizizika huku akimwomba Mungu. Huzipanga kwenye vishimo, akazikata katikati kwa wembe, kisha akainama juu yake. Punje iliyovundikwa sawasawa huwa ya kahawia ndani, tena ina mipasuko mipasuko. Iliyoharakishwa huwa na zambarau. Yenye ukungu hiyo haina mjadala.

"Rudi ukachambue, ukaanike," husema Wembe, na gunia linarudi lilikotoka.

Habari za mvua hasikilizi. Habari za ada ya shule hasikilizi. Ukimwambia kwamba mama yako na mama yake walibatizwa siku moja atakujibu kwamba anawaheshimu sana mama wote wawili, lakini kakao yako ina ukungu. Juzi juzi alimrudisha mama Gift, mama wa watu aliyekuja na gunia lake juu ya baiskeli ya kuazima, akiisukuma kwenye tope tangu alfajiri.

"Tata, hebu tazama vizuri," mama Gift alimbembeleza, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Ni ukungu mdogo tu. Kwa nje. Ndani ni safi."

"Mama Gift, hakuna ukungu mdogo," Wembe alijibu bila kuinua kichwa. "Kuna ukungu, na kuna kakao."

Watu waliokuwa kwenye foleni walilishika neno hilo wakaenda nalo majumbani. Mama Gift naye alilishika, ila yeye aliliweka akiba.

Sasa huyu mkali wa kakao, asiyependeleka wala kubembelezeka, ana sanduku la bati chini ya kitanda. Siku walipooana, mkewe Nancy aliliona akadhani lina hati za mashamba. Alivumilia mwezi mzima, akalifungua. Akakuta kadi za jojo.

Ndiyo, jojo hii ya kutafuna. Zamani, Andongwisye akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, kulikuwa na kiwanda kilichokuwa kinaweka kadi ndani ya kila pakiti, yenye picha ya mnyama upande mmoja na maelezo yake mgongoni. Watoto wa nchi nzima walitafuna mpaka taya zikauma. Kiwanda kilikufa, jojo ikasahaulika, na watoto wakawa watu wazima wenye madeni na vitambi. Wachache walibaki na kadi zao. Nancy aliuliza zina faida gani. Andongwisye alifikiri sana, akasema kwamba twiga ni nzuri. Ndoa ikaendelea.

Katika sanduku lile wanyama wote wamo isipokuwa mmoja. Hana Kakakuona.

Alikuwa naye, na hapa ndipo habari yenyewe inapoanzia. Likizo moja alikwenda kwa bibi yake mzaa baba, bibi Anyisile, kule Matema. Akiwa huko akafungua jojo, akakuta Kakakuona, mnyama ambaye hakuna mtoto yeyote wa Kyela aliyekuwa amempata. Akakimbia kumwonyesha bibi. Kumbe bibi juma lile lile alikuwa amesikia kwenye redio kwamba wilaya fulani kakakuona ameonekana, wakubwa wakakusanyika, wakamtandikia maji na nafaka na jembe na silaha ili wajue mwaka utakuwaje. Akigusa maji, mvua. Akigusa nafaka, shibe. Silaha usiombe. Bibi Anyisile akaitazama kadi ile, akamtazama mjukuu wake, akasema mnyama huyu hafichwi mfukoni.

Akatandika mkeka uwanjani. Akaweka bakuli la maji, mchele kwenye ungo, jembe, na kwa kuwa mkuki hakuna, akaweka mwiko. Akamlaza Kakakuona katikati. Majirani wakaja wakakaa kimya kama kanisani. Kukapita muda mrefu, kwa sababu kadi haina miguu. Halafu upepo wa ziwani ukaja, ukainyanyua kadi, ukaibwaga ndani ya bakuli.

"Mvua!" bibi akatangaza.

Na mvua ikanyesha. Kyela hainyeshi lini? Lakini majirani waliomba msamaha kwa mashaka yao, na bibi akapata heshima ambayo mpaka leo haijachakaa. Aliyepata hasara ni mjukuu peke yake. Kadi za jojo hazikutengenezwa kwa ajili ya kuogelea. Alipoitoa kwenye maji, Kakakuona alikuwa ameachana na mgongo wake. Andongwisye alilia siku nzima.

Tangu hapo, kila akienda Matema, baada ya salamu za "Ugonile" na "Ndaga," bibi huuliza swali lile lile: "Mnyama wako umempata?" Kwa miaka yote Andongwisye amekuwa akilichukua swali hilo kama majuto ya mtu mzee. Humwumiza sana. Anampenda bibi yake kuliko kakao yote ya Bujonde, na mwaka huu macho ya bibi yamefifia. Shangazi yake anayeishi na bibi alimpigia simu akamwambia kwamba sasa wageni anawatambua kwa sauti tu, labda wakimsogelea puani ndipo anawaona. Andongwisye akajiwekea nadhiri. Atamtafuta Kakakuona, ampeleke, bibi amwone kwa macho yake mwenyewe na roho yake itulie, kabla giza halijamfunga.

Ndiyo sababu alijiunga na kundi la WhatsApp la wabadilishana kadi.

Kundi lile lina sheria kuliko halmashauri. Kila kadi lazima itajwe hali yake, na hali zenyewe ni tano: Mpya, Safi, Imetumika, Imechoka, na Marehemu. Picha zipigwe mbele na mgongoni. Wanaobadilishana watume siku moja, kila mmoja kwa basi la kwao. Hakuna mahakama, hakuna polisi. Ukiandika Safi, mwenzako aliye mkoa wa mbali anafunga bahasha yake kwa kukuamini tu. Andongwisye alizisoma sheria hizo akazisifu. Akasema nchi hii ingeendeshwa hivyo tungekuwa mbali.

Asubuhi moja kundi likaingia ujumbe wa dada mmoja wa Tanga, jina lake Mwanaheri, ambaye anauza vitambaa. Aliandika hivi: "Assalaam aleykum. Nina Kakakuona wa ziada. Hali yake Imetumika. Kona ya juu kulia imevunjika kidogo, mgongoni kuna mstari wa kalamu niliochora mwenyewe nikiwa darasa la tatu, najuta. Natafuta Kiboko. Awe Safi, tafadhali, sikusanyi tena maiti."

Andongwisye aliruka kitandani mpaka Nancy akadhani kuna nyoka. Kiboko! Alikuwa na Kiboko wa ziada. Jojo zilizokuja Kyela zilikuwa na Kiboko mpaka watoto walikuwa wanamtupa, na huko Tanga, kwa sababu anazozijua mwenye kiwanda, hakufika hata mmoja. Akalivuta sanduku. Akamtoa Kiboko. Mbele, masha'allah, kiboko amepanua kinywa na rangi bado inang'aa. Akamgeuza.

Mgongoni, juu ya maelezo ya chakula chake, kulikuwa na doa la kijivu. Ukungu.

Wanaoishi Kyela hawatashangaa. Huku mkanda wa suruali ukiuacha kabatini juma zima unaota manyoya, sembuse kadi iliyokaa miaka chini ya kitanda. Lakini Andongwisye alishangaa. Aliukodolea macho ukungu ule kama amekutana na mgeni asiyemtarajia. Akaufuta kwa kitambaa, haukutoka. Akaufuta kwa kipande cha mkate, kama alivyosikia watu wanafanya, mkate ukachafuka na ukungu ukabaki. Akaenda kuianika kadi kwenye kichanja cha kakao, akaketi kuilinda dhidi ya kuku wa jirani. Jua la kutwa halikusaidia kitu.

"Mwandikie hivyo hivyo," Nancy alimshauri. "Mwambie ina ukungu."

"Amesema anataka Safi."

"Basi si Safi."

"Nancy, ni doa dogo. Mbele ni safi kabisa. Nani anatazama mgongo wa kiboko?"

Nancy alimwangalia, akaondoka akaenda kutwanga. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wembe aliyerudisha magunia ya wajane aliketi kwenye kigoda, akaandika: "Kiboko. Hali: Safi." Akapiga picha ya mbele. Akapiga picha ya mgongo pia, maana sheria ni sheria, lakini kwa bahati, kwa bahati tu, kidole gumba chake kilikaa juu ya lile doa. Akatuma. Akakoroma vizuri usiku ule, nasikitika kusema.

Asubuhi jibu lilikuwa limeshafika.

"Kaka Andongwisye, Kiboko wako nimempenda mno. Nakuamini, kaka yangu. Naomba tu picha ya mgongo bila kidole."

Alisoma maneno hayo mara nyingi. Yalikuwa ya upole, na upole wake ndio uliomchoma. Lakini hakukata tamaa. Ilikuwa siku ya kupokea kakao, akaitia kadi mfukoni, akaenda nayo ghalani. Alishapata wazo. Pale mezani pana ile taa kali, na mwanga mkali hufifisha madoa, kila mpiga picha za harusi anajua. Atailaza kadi kwenye ubao, ataiwashia taa, doa litamezwa na mwanga, atapiga bila kidole na hatakuwa amedanganya mtu.

Akafika kabla ya watu. Akailaza kadi. Akawasha taa. Doa likajitokeza kama linaitwa kwa jina. Taa ile ilinunuliwa kwa ajili ya kuonyesha ukungu na haikujua kazi nyingine. Akaigeuza huku, akaigeuza kule, akaiinamisha, akapanda juu ya kiti kuipiga picha kutoka juu, na kila picha ilikuwa na ukungu uliopendeza kuliko wa picha iliyotangulia.

"Ugonile, tata."

Alikuwa mama Gift, amesimama na gunia lake, na nyuma yake foleni nzima. Wembe alikuwa bado yuko juu ya kiti na simu mkononi.

"Ndaga, mama Gift," alijibu, akashuka kwa heshima aliyoweza kuikusanya.

"Hiki ni nini?"

"Kadi tu."

Mama Gift hakuomba ruhusa. Aliichukua kadi kutoka kwenye ubao wa vishimo, na kitu kilichokuwa kwenye ubao ule kilikuwa ni kitu cha kukaguliwa, kwa hiyo akaikagua. Akaitazama mbele, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaigeuza. Akaisogeza kwenye taa, jinsi alivyomwona Wembe akifanya misimu yote. Akainusa. Kisha akageukia foleni.

"Ina ukungu," akasema.

Na Andongwisye, mkaguzi wa chama, mtu mwenye cheti kutoka Mbeya kilichotundikwa ukutani nyuma yake, akafungua kinywa chake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu, akasema:

"Ni ukungu mdogo tu, mama Gift. Kwa nje. Upande wa pili ni safi."

Ukungu wa kakao, ukungu wa kadi, hata ule wa kwenye dari, wote ulisubiri. Mama Gift hakuwa na haraka. Alikuwa na akiba yake na siku ya kuitumia ilikuwa imefika.

"Tata," akasema polepole, "hakuna ukungu mdogo."

"Kuna ukungu," foleni nzima ikamalizia, "na kuna kakao!"

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi juu ya magunia yao. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye alirudishwa mwaka jana na mwaka juzi, alikuwa anapiga kelele huku machozi yanamtoka: "Rudi ukachambue! Rudi ukaanike!" Kuna aliyependekeza kadi ikatwe katikati ionekane ndani. Mwingine akasema hapana, hii hata kuvundikwa haikuvundikwa, irudishwe kwa mama yake. Wembe alisimama pale masikio yanamwaka moto. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, na ubaya wake ni kwamba kila walichosema kilikuwa ni chake.

Walipochoka kucheka, mama Gift aliuliza kadi ni ya nini. Andongwisye akaeleza, maana hakuwa na pa kukimbilia. Akataja Tanga, akataja Kakakuona, akamtaja bibi Anyisile na macho yake. Hapo kicheko kilikoma, kwani bibi Anyisile na mvua yake anajulikana mpaka Ipinda.

"Na huyo dada wa Tanga anaujua ukungu huu?"

"Bado."

"Eee." Mama Gift aliirudisha kadi kwenye ubao, akaifuta vumbi la kakao kwa ncha ya kitenge chake. "Sisi tukikuletea gunia, wewe unatumbukiza mkono mpaka kwapani. Wembe unao, taa unayo. Yule wa Tanga atatumbukiza mkono wapi?"

Andongwisye alilivuta gunia la mama Gift, akatumbukiza mkono, akatoa punje, akazikata. Nitakuwa mkweli: alitamani aone hata moja yenye ukungu. Hakuiona. Mama wa watu alikuwa amechambua, akaanika, akachambua tena.

"Imepita," akasema.

"Ndaga fijo," mama Gift akashukuru, akaelekea kwenye mizani kama malkia.

Mchana, foleni ilipokwisha, Andongwisye alikaa peke yake na simu. Akisema kweli, Kakakuona anaondoka, na bibi hatamwona tena mnyama yule duniani. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Mwishowe akaiwasha ile taa, akaondoa vidole vyote, akapiga picha ya mgongo, akaandika:

"Dada Mwanaheri, nisamehe. Niliandika Safi, si Safi. Mbele ni nzuri. Mgongoni kuna ukungu, upana wa ukucha wa kidole kidogo, nimeufuta hautoki. Nimeusugua kwa mkate na pale karatasi imeanza kuota nywele, hilo kosa ni langu. Ukiinusa utausikia. Hali: Imetumika, na ukisema Imechoka sitabisha. Ile picha ya kwanza kidole nilikiweka kusudi."

Akatuma, akaizima simu kabisa asije akaona jibu. Halafu akaiwasha kuangalia kama jibu limekuja.

Halikuja. Lilikuja jambo baya zaidi. Bwana mmoja wa Morogoro alijitosa kwenye kundi akasema naye ana Kiboko, hali yake ni Mpya kabisa, utadhani jojo imefunguliwa leo. Kundi likampigia makofi ya vikatuni. Mwanaheri akaandika, "Ahsante kaka, nitumie picha," na baada ya hapo kimya. Siku ikaisha. Ya pili ikaisha. Shangazi akapiga simu kutoka Matema kusema kwamba bibi leo amemwaga chai kwa sababu hakukiona kikombe. Nancy alimwekea mumewe wali na samaki, akamkuta anachora viboko kwa uma juu ya wali.

"Ulifanya vizuri," Nancy akamwambia.

"Najua," akajibu kwa uchungu. "Ningefanya vibaya angekuwa njiani anakuja."

Jioni ya siku iliyofuata simu ilinguruma kwenye mfuko wa shati.

"Kaka Andongwisye, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na msiba wa jirani. Bwana wa Morogoro ametuma picha. Kadi ameishika kwa vidole vinne, na kwenye kona ya tano, kama ingekuwepo, angeweka cha tano. Kiboko wako ukungu wake nimeuona, nimeujua, nitaishi nao. Vya chini ya vidole vya watu sivijui. Bahasha yangu naitoa kesho, inshallah. Na wewe toa yako."

Andongwisye alitoka nje akazunguka nyumba yake akiimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake hayajui. Kuku wa jirani walikimbia. Kisha akamfunga Kiboko katikati ya vipande viwili vya boksi, akamvisha nailoni juu, akampeleka mwenyewe stendi ya Kyela, akamkabidhi kondakta kwa maelezo marefu ambayo kondakta hakuyasikiliza.

Kakakuona alifika. Andongwisye alimpeleka moja kwa moja ghalani, akamlaza kwenye ubao, akawasha taa, kwa kuwa mazoea hayaponi. Kona ya juu kulia ilikuwa imevunjika kidogo. Mgongoni kulikuwa na mstari wa kalamu. Akatafuta doa la tatu, akatafuta sana, akainusa. Hapakuwa na kitu kingine chochote, ila mtoto wa darasa la tatu alikuwa amebonyeza kalamu kwa nguvu. Alimwona yule mtoto wa Tanga na kalamu yake kana kwamba anamjua. Akafurahi mno.

Jumapili akawasha pikipiki, akapita Ipinda, akashuka Matema. Milima ilikuwa imevaa mawingu. Bibi Anyisile alikuwa ameketi uwanjani kwenye mkeka.

"Ugonile, bibi."

"Ndaga, mjukuu wangu. Mnyama wako umempata?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Andongwisye alisema, "Nimempata, bibi."

Akamweka mkononi mwake. Bibi akaisogeza kadi mpaka ikamgusa pua, akaitembeza mbele ya jicho lililobaki na mwanga kidogo, magamba, mkia, kichwa kilichofichwa tumboni. Andongwisye alisubiri machozi. Alikuwa na maneno ya kumliwaza tayari, alikuwa ameyatunga njia nzima, kwamba yalishapita, kwamba hana kinyongo.

"Ndiye," bibi akasema. Akageuza uso kuelekea ndani alikokuwa shangazi. "Mama, leteni maji! Na mchele, na jembe!"

Andongwisye aliduwaa. "Bibi, unataka kufanya nini?"

"Nifanye nini? Miaka yote hii hatujui mwaka utakuwaje. Nakuuliza kila siku umempata, umempata, wewe unanikumbatia tu na kunipa sukari."

Shangazi alileta bakuli la udongo la wafinyanzi Wakisi lililojaa maji, ungo wa mchele, jembe, na bila kuulizwa, mwiko. Andongwisye alisihi kadi ibaki ndani ya nailoni. Bibi akauliza mnyama aliyefungwa ndani ya mfuko atachagua kwa kutumia nini. Akaitoa. Akailaza katikati. Majirani, ambao walianza kujaa kutoka asikojua, wakanyamaza. Kutoka ziwani upepo ulianza kutikisa majani ya migomba, na Andongwisye, polepole, kana kwamba anajikuna goti, akanyoosha kidole gumba akakiweka kwenye ukingo wa kadi.

"Ondoa kidole," bibi akasema.

Alikuwa hakioni kikombe cha chai, lakini kidole alikiona. Andongwisye akakiondoa.

Upepo ukaja. Sitaeleza mengi. Wote tunajua bakuli lilikuwa wapi.

"Mvua!" bibi Anyisile akatangaza, uso unang'aa kama wa msichana, na majirani wakapiga vigelegele. Alitafuta mkono wa mjukuu wake akaukamata kwa nguvu. "Umeona? Na mara ya kwanza walisema ni upepo."

Andongwisye aliitoa kadi kwenye maji, akailaza juu ya paja lake. Kakakuona na mgongo wake walikuwa wanaanza kuachana. Alijaribu kuhuzunika, akashindwa, kwa sababu bibi alikuwa bado ameushika mkono wake na anacheka. Simu ikanguruma.

"Kaka, Kiboko amefika salama, ukungu ni ule ule ulioutaja, alhamdulillahi. Kakakuona je? Hali yake?"

Akaandika kwa mkono mmoja. "Alifika Imetumika, sawasawa na ulivyosema. Sasa hivi ni Imechoka na anaelekea Marehemu. Kosa ni la kwetu."

"Jamani! Amepatwa na nini?"

"Ametabiri mvua."

Jibu kutoka Tanga likaja: "Na imenyesha?"

Tone la kwanza lilianguka kwenye mchele. La pili likampiga bibi kwenye paji la uso, naye hakuinuka. Andongwisye aliitia kadi kifuani ndani ya shati, akainua simu kuelekea mlimani ambako mvua ilikuwa inateremka yote, akapiga picha, bila kidole.